Siku Nilipobandika Juu ya Mistari Iliyofichwa

Ninyi mlioingia kazini baada yangu mmeniomba niwaandikie jinsi ya kunakili na kubandika kwenye kompyuta bila kuharibu orodha. Nilicheka niliposoma ujumbe wenu, halafu kicheko kikaniishia mdomoni. Kazi hiyo nimeifanya mpaka vidole vikakataa, na kama kuna mtu hapa Goma asiyefaa kuwafundisha, ni mimi Kavira. Lakini yule aliyenifundisha hayupo tena, kwa hiyo mtaniridhia hivi nilivyo.

Nianze na la haraka, ili mwenye kazi nyingi asome hili na arudi mezani kwake. Kabla ya kubandika, hesabu mistari uliyonakili. Kisha angalia kama orodha unayobandikia ina filtre, yaani kile kitu kinachoficha mistari usiyoihitaji na kukuachia ile unayoitaka tu. Ikiwa ipo, itoe. Ukishabandika, shuka mpaka chini kabisa ya orodha, usome mstari wa mwisho kwa sauti, ulinganishe na karatasi au ujumbe uliotumiwa. Ndipo uhifadhi. Hayo ndiyo yote ninayoyajua. Mengine yote nitakayoyasema ni namna nilivyokuja kuyajua.

Niliingia kwenye ile biro, yaani ofisi, ya mtaa wa Himbi nikitoka Butembo, mke wa mtu, mzoefu wa mashine ya chapa. Kwenye mashine ya chapa ukikosea unaona. Herufi inakaa pale kwenye karatasi inakutazama. Kompyuta ilinidanganya tangu wiki ya kwanza kwa usafi wake, maana hata uongo unauonyesha kwa herufi nzuri zilizonyooka.

Aliyenipokea ni muzee Muhindo, mkubwa wa data, zamani mwalimu wa hesabu huko Beni. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi mweusi upande mmoja, na daima alishika rula ya mbao ya shuleni. Aliiweka juu ya kioo cha kompyuta, chini ya mstari aliokuwa akiusoma, akaisogeza polepole. Wageni waliotutembelea walimcheka. Sisi pia tulimcheka, mpaka tulipoona kwamba orodha zake hazikuwa zikirudishwa kusahihishwa.

Biro yetu ilikuwa ya watoto. Watu wakikimbia vita, mtoto huponyoka mkononi mwa mama kwenye msongamano wa barabara, akaokotwa na mtu mwingine, akaingia kambi nyingine. Mawakala wetu walizunguka kambini na mitaani wakiandika: jina la mtoto, umri, kijiji, jina la mama, mahali anapolala sasa, jina la anayemlea. Mtoto mmoja, mstari mmoja. Upande wa pili tulikuwa na orodha ya wazazi wanaotafuta. Kazi yangu ilikuwa kuingiza na kuunganisha.

Makosa ya kwanza yalikuwa ya kuchekesha. Siku moja nilinakili tarehe za kuzaliwa kutoka orodha ya wakala mmoja, nikabandika thamani peke yake, yaani kilichomo bila sura yake, na tarehe zote zikageuka namba ndefu. Sikuona kitu. Kesho yake shefu, mkuu wa biro, akasoma mkutanoni mbele ya watu wote: "Huyu mutoto iko na miaka elfu makumi ine na moja? Huyu haiko mutoto, ni mulima." Nilitaka ardhi inimeze. Muzee Muhindo akaja mezani kwangu, akabonyeza mara mbili, tarehe zikarudi.

"Mashine inahesabu siku tu," akaniambia. "Ile namba na ile tarehe ni kitu kimoja, ni sura tu ilibadilika. Sura ikiharibika unaipaka upya. Lakini kile kiko ndani, kikienda, kimeenda."

Mara nyingine nilirudia kosa hilo kwa namna nyingine. Tulikuwa na desturi ya kupaka mstari rangi ya kijani mtoto akishathibitishwa kuwa mama yake ni yule kweli. Orodha ilikuwa imejaa rangi za kila wakala, na maandishi makubwa kwa madogo, kama duka la vitenge. Mimi nikaamua kuisafisha. Nikanakili yote, nikabandika thamani tu kwenye ukurasa mpya, nikafurahi jinsi ilivyokuwa nyeupe na safi. Nikafuta ule wa zamani. Baada ya nusu saa Muhindo akauliza, "Kavira, bale ba kijani bako wapi?"

Hawakuwapo tena. Tulikaa wiki nzima tukifungua fishi, zile fomu za karatasi walizojaza mawakala, moja baada ya nyingine, kutafuta ni nani alithibitishwa na nani bado. Hakunigombeza. Alisema tu, "Rangi haiko na mudomo. Andika neno." Tangu siku hiyo tukaongeza kolone, safu ya kusimama, yenye neno "ndiyo" au "bado". Nanyi mfanye hivyo. Mtu asiwadanganye kwamba rangi inatosha.

Angalieni kitu kimoja hapo: tuliokolewa na karatasi. Karatasi zilikuwapo. Lakini baadaye akaja shefu mwingine, akasema fishi za watoto ni siri, mtu akiziiba anaweza kuwadhuru, na yote yako kwenye kompyuta tayari. Sikuona ubaya wa maneno hayo, na hata leo siwezi kusema alikosea. Muhindo alipinga mara moja, kwa sauti ya chini, akaomba angalau zikae mwaka mmoja. Tulizichoma nyuma ya biro, kando ya tangi la maji. Mimi mwenyewe nilishika kijiti nikawa nageuza marundo ili yashike moto vizuri.

Siku ya kosa langu ilikuwa siku ya kawaida, karibu na saa sita mchana. Huko Lac Vert upepo ulikuwa umerarua mahema mengi, watu wakahamishwa upande mwingine wa kambi. Wakala akanitumia ujumbe wenye mistari ishirini na miwili: kambi, namba mpya ya hema, jina la mlezi. Watoto walifuatana sawa kabisa na kwenye orodha yangu. Nikaweka filtre, nikabaki na watoto wa Lac Vert tu. Walikuwa ishirini na wawili. Nikaona vimelingana, nikajisifu moyoni. Nikanakili. Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Nikabandika.

Mstari wa kwanza uliingia mahali pake. Huo ndio niliouangalia. Papo hapo umeme ukakatika, na kile kisanduku kinachoshikilia kompyuta dakika chache kikaanza kulia pii, pii, pii. Wenzangu walikuwa wakiita kwamba chakula kiko tayari. Nikahifadhi, nikazima, nikaenda kula bugali na majani ya sombe. Nilikula vizuri siku ile.

Nisiyoyajua siku ile yalikuwa haya: mashine ile haikuheshimu filtre. Macho yangu yaliona watoto wa Lac Vert wamefuatana, lakini katikati yao walikuwa wamelala watoto wengine waliofichwa, wa mtaa wa Kyeshero, wa mitaa mingine, wa kila mahali. Nilipobandika, zile taarifa ishirini na mbili zilishuka mfululizo, zikawafunika waliofichwa mmoja baada ya mwingine. Mtoto aliyekuwa akilala nyumbani kwa mtu Kyeshero akawa, kwenye orodha yetu, mtoto wa hema fulani la Lac Vert. Ijumaa ilipofika tukafanya nakala ya akiba, kwa jina lile lile, juu ya ile ya Ijumaa iliyopita. Na tukafanya hivyo Ijumaa nyingine, na nyingine.

Kisha akaja Vestine.

Alikuwa mama wa Masisi, mkulima, mwenye sauti ya chini, Kiswahili chake kimechanganyika na Kinyarwanda. Alimpoteza binti yake, Uwineza, miaka sita, walipokimbia risasi kuelekea Sake. Alikuwa amemtafuta kambi kwa kambi. Nilipoandika jina lake, na jina la mtoto, na kijiji, mashine ikanipa mstari mmoja tu, vyote vinalingana: Uwineza, miaka sita, mama Vestine. Lac Vert, hema namba fulani, analelewa na mama Zawadi.

Nilimsomea. Alijifunika uso kwa kitenge.

Sisi wa mezani hatukuwa tukienda kuwarudisha watoto. Ilikuwa kazi ya mawakala. Lakini Muhindo aliona furaha yangu, akasema, "Leo utatoka, Kavira. Wende uone ile majina yako iko na macho." Nikapanda gari pamoja na Vestine na dereva. Njia nzima ya Lac Vert hakunyamaza, yeye ambaye ofisini alikuwa hasemi.

"Mama, meno yake ya mbele ilishaota? Wakati tulipotezana alikuwa na pengo hapa."

"Sijui, mama. Kwenye orodha hatuandikake meno."

"Na nywele? Bamemunyoa?"

"Utaona sasa hivi."

"Atanijua?"

"Atakujua. Miezi haiko mingi."

Nilimjibu hivyo, nikimshika mkono, kama mtu aliyemwona mtoto kwa macho yake.

Mama Zawadi alikuwa amepewa habari kwamba mama wa mtoto anakuja. Alikuwa amemwogesha msichana, amempaka mafuta mpaka miguu inang'aa, amemsimamisha mbele ya hema juu ya mawe meusi. Watu walikusanyika. Msichana alituona, akatutazama sisi wanawake wawili, mmoja mmoja, asijue ni nani kati yetu. Hapo ningepaswa kuelewa. Mtoto wa miaka sita hasahau uso wa mama yake. Lakini mimi nilikuwa nikitabasamu.

Vestine alisimama hatua kumi kutoka pale. Akasema polepole, "Huyu si mutoto wangu."

Nikafikiri ni furaha imemchanganya. Nikamwambia, "Angalia muzuri, mama. Amekonda tu."

"Niliyemuzaa ninamujua. Huyu si wangu."

Nikamwinamia msichana. "Jina lako nani?"

"Miye njo Riziki."

Mama Zawadi akaanza kulalamika kwamba siku zote amesema mtoto huyu ni Riziki, kwamba aliyempigia simu alimwambia tu mama amepatikana, hakutaja jina. Riziki akanivuta sketi. "Na mama yangu? Atakuya siku gani?"

Vestine ndiye aliyepiga magoti juu ya yale mawe, akamkumbatia mtoto asiye wake, akamfuta machozi kwa kitenge. Kisha akainuka akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja.

"Mama, wangu mulimuandika wapi?"

Tulirudi biro. Muhindo akafungua orodha, akaweka rula kwenye kioo. Akaona mtoto mwingine, Riziki, mwenye mlezi yule yule na namba ya hema la zamani. Akashuka, akaona wengine. Kisha akaniuliza bila kugeuka, "Ile siku ya Lac Vert, ulitoa filtre?"

Nikasema, "Hapana."

Akaiweka rula mezani. Nilitaka anipigie kelele. Alivua miwani tu, akasugua macho, akasema, "Tuanze kutembea."

Tulitembea. Yeye na miguu yake ya uzee, mimi na aibu yangu, mtaa kwa mtaa. Mawakala wakasaidia. Wengi wa wale niliowafunika tuliwapata tena, kwa sababu kuna mtu aliyewakumbuka. Wanne hatukuwapata. Uwineza alikuwa mmoja wao. Wakala aliyemwandika alikuwa amemaliza mkataba, ameondoka kwenda Uganda, simu yake haikupita tena. Wenzake walikumbuka tu kwamba alikuwa akifanya kazi upande wa Kyeshero. Tulipiga hodi kila nyumba tuliyoweza. Katika nyumba moja walituambia, ndiyo, kulikuwa na msichana mdogo hapa kwa jirani, lakini hao watu walihama na hawakusema wanakokwenda. Hatujui hata kama ni yeye.

Watu huniuliza, lakini si wewe uliyeingiza fishi yake? Ni mimi. Vidole hivi ndivyo vilivyoandika nyumba aliyolala, mtaa, jina la aliyemlea. Nimekaa usiku na mchana nikijaribu kukumbuka neno moja tu la mstari ule. Sikumbuki. Majina yalikuwa yakipita kwangu kama maji kwenye kichungi, na siku ile nilikuwa na fishi nyingi na nilitaka kumaliza. Ningekuwa nimeuliza wakala swali moja, ningekuwa nimekosea herufi moja nikairudia, huenda ingebaki kichwani. Niliiandika bila kosa, ikapita.

Baadaye vita ikaingia mjini kabisa. Kambi zikavunjwa, mahema yakabomolewa, watu wakapakia magodoro vichwani wakaelekea kila upande. Biro ikafungwa miezi kadhaa. Muhindo alirudi kwa watoto wake Beni, akafia huko. Riziki na mama Zawadi walikwenda wapi, sijui. Mama yake Riziki sikufanikiwa kumpata. Nawaambia ukweli, maana najua mnangoja niseme kwamba angalau huyo alipatikana.

Vestine aliendelea kuja. Kila Jumatatu, kabla biro haijafungwa na hata baada ya kufunguliwa tena, alitoka Kyeshero alikokuwa akipanga chumba, kwa sababu alisikia mtoto wake aliwahi kuwa huko. Alikaa kwenye benchi, akaomba nimsomee mstari. Nilimsomea: Uwineza, miaka sita. Aliitikia kwa kichwa. Mtoto alikuwa amekwisha kupita miaka sita, na mstari ulikuwa bado unasema sita. Waliokuwa wakubwa walimwambia ilikuwa shida ya mashine. Mimi nilikuwa pale waliposema hivyo, nikanyamaza. Nilinyamaza karibu miaka miwili. Nilipata mshahara wangu, nikasomesha wanangu, na kila Jumatatu nikamsalimu, "Jambo, mama Vestine," naye akanishukuru kwa kuhangaika.

Wiki ya mwisho kabla ya kustaafu kwangu nilimwita ndani, nikafunga mlango. Nikamwambia, "Mama, haikuwa mashine. Ni miye."

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikilia, nikitumia maneno ya kizungu ambayo hayakumfaa kitu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Nilikuwa nimejiandaa anipige, au ainue mikono amwombe Mungu anilaani, au hata anisamehe, ingawa hilo nililiogopa kuliko yote. Hakufanya hata moja. Alivuta kiti akakaa karibu na kompyuta.

"Unionyeshe," akasema.

"Nikuonyeshe nini, mama?"

"Vile ulifanya."

Nikafungua ukurasa mtupu. Nikaandika majina ya uongo upande mmoja na mitaa ya uongo upande wa pili. Nikaficha baadhi ya mistari. Nikanakili, nikabandika. Kisha nikaifichua ile mistari, nikamwonyesha kwa kidole: hapa palikuwa na mtaa mwingine, sasa haupo.

Alisogea akatazama kioo kwa karibu sana, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Ulifinya tu hapa na hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Ni vile tu?"

"Ni vile tu."

"Rudia."

Nikarudia. Akaitazama mikono yangu safari hii, hakutazama kioo. Akaomba mara ya tatu, nikarudia. Nje watu walikuwa wakipita wakizungumza na kucheka, na kila niliposhusha vidole alikuwa akishusha pumzi pamoja nami.

Kisha akainuka, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akasema, "Asanti, mama." Akafungua mlango mwenyewe.

Jumatatu iliyofuata nilikuja kazini mapema, ingawa mkataba wangu ulikuwa umekwisha. Nikakaa kwenye benchi mpaka mlinzi akaja kufunga lango. Vestine hakuja, na mlinzi ananiambia hajaja tena tangu siku hiyo.